Mishipa ya Kuonyesha, Mishipa ya Kuficha

Katika mtaa wetu hakuna mtu anayeijua mishipa ya binadamu kunishinda mimi. Niliisoma shuleni, kwenye picha kubwa ya mtu aliyechunwa ngozi, iliyotundikwa nyuma ya mlango wa darasa, mishipa ya bluu imemtambaa mwili mzima kama mmea usiopaliliwa. Mpaka leo naweza kukuonyesha inapoanzia na inapoishia. Yaani kwa upande wa juu. Kuanzia kiunoni kushuka chini, picha ile ilikuwa imeliwa na mchwa, na mwalimu alisema miguu tutaisoma mwaka unaofuata. Mwaka unaofuata mimi nilikuwa nyumbani nalea wadogo zangu. Na hadithi yenyewe, kwa bahati mbaya, ni ya miguu.

Basi tuanze na mikono, ambayo naiweza.

Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa fundi wa mageti. Vijana wa karakana walimwita Fundi Mizizi kwa sababu ya mishipa ya mikono yake, iliyotokeza juu ya ngozi kama mizizi ya mti mkubwa unaotafuta maji. Mmoja ulipanda kutoka upande wa kidole gumba, mwingine kutoka upande wa kidole cha mwisho, na kwenye kikunjo cha kiwiko palikuwa na wa tatu ulioikatisha na kuiunganisha yote miwili, mnene kama kidole cha mtoto. Hata siku za baridi fundi alikunja mikono ya shati mpaka begani. Mteja akija kuulizia geti, fundi hakumjibu kwanza. Alishika nondo, akakaza ngumi, akangoja mishipa isimame. Mteja akishaiona ndipo bei ilipotajwa, na bei ya mtu mwenye mishipa kama ile haikuwa ya kupunguzwa.

"Mwanamume ni damu," alipenda kusema. "Na yangu mnaiona inavyopita."

Mkewe naye alikuwa na mishipa, ila hakuna aliyempa jina kwa ajili hiyo. Yeye walimwita Mama Pasi, kwa kazi yake. Alipiga pasi kwa dobi, amesimama tangu mlango unafunguliwa hadi unafungwa, maana bosi wake aliamini kwamba mtu akikaa kwenye kiti anakunja nguo vibaya. Mishipa yake ilikuwa miguuni. Ilianzia kwenye kifundo cha mguu, ikapanda kwa ndani ya muundi huku imejipindapinda kama imesahau inakokwenda, ikapita goti na kuendelea juu, kule ambako sketi ilikuwa inajua na mimi sijui. Aliificha. Nyayoni alikuwa na sugu, na kwa ajili ya sugu hizo alinunua plasta za duara zenye dawa ya kula ngozi ngumu, akaziweka kwenye droo ya kitanda. Mumewe hajawahi kumuuliza ni za nini. Na angeuliza saa ngapi? Mtu mwenye mikono kama ile ana mengi ya kutazama.

Mtaniuliza nimejuaje ya chumbani kwa watu. Ukuta wetu ni mwembamba, na wifi ya Mama Pasi ana mdomo mpana. Kati ya hivyo viwili sijakosa kitu.

*

Asubuhi moja Mama Pasi alikuwa na shati jeupe mezani, lililobakiza kola tu. Mguu ukamuwasha kwa ndani, juu kidogo ya kifundo, mahali ambapo ngozi ilikuwa imekonda mpaka inang'aa. Akajikuna kwa ncha ya kiatu cha mguu wa pili, polepole, mikono ikiendelea na kola. Kisha akasikia uvuguvugu unashuka kiatuni. Akadhani pasi inavuja. Alipoinua sketi aangalie, damu iliruka kama bomba lililotobolewa na msumari, ikapiga kikapu cha nguo safi, ikapiga na shati.

Mwenzake wa meza ya pili akapiga ukelele. Bosi akatoka kwenye kijichumba chake.

"Hilo shati la nani?"

"La wakili," mwenzake akasema.

"Mama Pasi, unaniua."

"Lilowekeni kwa maji baridi," Mama Pasi akasema. Alikuwa ameshakaa sakafuni, uso umekuwa wa majivu. "Msitie maji ya moto, yanaipika damu ikaganda. Baridi, na chumvi kidogo."

Na wakaliloweka. Shati likahudumiwa kwanza, kama inavyostahili shati la wakili. Lilipokwisha kuzama vizuri kwenye beseni, yule mwenzake akapata nafasi ya kumkaba Mama Pasi mguu kwa taulo na kumwinulia juu ya meza ya kupigia pasi, na huko juu damu ikatulia. Bosi akasimama akamtazama mfanyakazi wake amelala chini, mguu mmoja mezani, sketi imemrudi mapajani, mishipa yote aliyoificha miaka nenda miaka rudi iko hadharani mbele ya wateja.

"Kwa hiyo muda wote ule ulikuwa na miguu ya namna hii na ukanyamaza," akasema, kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu. Lakini alikuwa mtu wa huruma. Alisema siku ile ataihesabu nusu siku.

*

Hospitalini, Fundi Mizizi alifika na mikono ya shati imekunjwa. Daktari, binti mdogo wa umri wa kuwa mwanawe, alikuwa akifuatisha mguu wa Mama Pasi kwa kidole.

"Mishipa hii ya juujuu inarudisha damu moyoni," akasema. "Damu inapanda mlima, baba. Kwa hiyo ndani ya mshipa kuna vilango vidogo. Damu ikishapita, kilango kinajifunga nyuma yake ili isirudi chini. Vya mama vimechoka kwa kusimama. Havifungi. Damu inashuka, inajaa, mshipa unavimba, ngozi inakonda, na mwisho ndio huu mliouona."

Fundi aliinama, akautazama mguu wa mkewe kwa makini, nadhani kwa mara ya kwanza tangu harusi.

"Ni bawaba," akasema. "Bawaba ikilegea geti halikai. Nani alivifunga?"

"Mungu."

Fundi alifikiri, akaona si adabu kumkosoa fundi mwenzake.

"Inabidi tumfanyie upasuaji," daktari akaendelea. "Ukipasuka tena akiwa peke yake, amelala au yuko bafuni, anaweza kuisha hivihivi kabla hajapata wa kumwita. Nafasi ninayo wiki ijayo. Lakini damu yake imepungua, tumemwongezea ya akiba, na utaratibu wetu ni kwamba ndugu mmoja atoe damu kabla ya siku ya upasuaji. Isipotolewa, nafasi anapewa mwingine, naye anarudi mwisho wa foleni. Foleni ni ndefu, sitawadanganya."

Mama Pasi akaanza kuhesabu ndugu kwa macho tu. Wifi ana shinikizo la damu. Watoto bado wadogo. Mimi niliambiwa damu yangu ilishapita umri wa kuombwa, jambo lililoniuma kuliko nilivyotegemea.

Fundi akainyoosha mikono yote miwili juu ya kitanda, kama mfanyabiashara anayetandika vitambaa.

"Daktari, ungesema damu tangu mwanzo. Nilishaanza kuogopa mtataka kitu kigumu."

"Uende na wifi akusindikize," mkewe akamwambia.

"Nisindikizwe kutoa damu? Mimi? Watu watasemaje?"

*

Alikwenda peke yake. Nesi wa chumba cha damu, uso umefunikwa barakoa, alimfunga mpira mkononi, na ile mishipa ikasimama yote kama askari waliosikia filimbi. Nesi akamwita mwenzake.

"Njoo uone. Huu hata taa zikizimika unauchoma."

"Mungu ampe nini tena," mwenzake akasema, akaugusa ule mshipa wa kwenye kikunjo kwa ncha ya kidole. Ukadunda, ukarudi.

Fundi akavimba. Akawaeleza kidogo kuhusu nondo. Hapo ndipo nesi alipoitoa sindano kwenye karatasi yake.

"Hiyo ndiyo ya kuanzia?" fundi akauliza.

"Ya kuanzia na ya kumalizia."

"Ndogo yake hamna?"

"Ndogo ni za watoto, baba. Kunja ngumi."

Fundi aliutazama mshipa wake. Maskini, tangu uzaliwe ulikuwa wa kutazamwa tu, haujawahi kuombwa kazi.

"Samahani, dada," akasema, ameshasimama. "Nimekumbuka. Mashine ya kuchomelea nimeiacha inawaka."

"Si upige simu wakuzimie?"

"Simu yenyewe nimeisahau palepale, juu ya mashine."

Simu ikalia mfukoni mwake. Waliolala kwenye vitanda vya pembeni, kila mmoja na kifuko chake kinajaa, wakageuza vichwa. Fundi akatoka haraka, na mpira wao akatoka nao, umembana mkono. Aliugundua alipokwisha kukaa ukingoni mwa mfereji nje ya geti, vidole vimekufa ganzi. Akaufungua, akautia mfukoni.

Nisimwonee. Alimpenda mkewe. Alikaa pale muda mrefu, na alikusudia kabisa kurudi kesho, akishalala vizuri.

*

Nyumbani dada yake, yule wifi, alikuwa amekwisha kupika maini. Aliyanunua ya kumpelekea mgonjwa, maana mgonjwa ndiye aliyepungukiwa damu, lakini sufuria ilikuwa mezani na harufu ilikuwa imejaa mpaka kwangu.

"Kaka, umetoa?"

Fundi akaitazama sufuria.

"Nimetoa."

"Mbona hawajakubandika chochote? Mtoto wa jirani kachomwa sindano ya malaria tu kabandikwa pamba."

"Waliibandika. Nadhani imenidondoka njiani." Akaingia chumbani. Akafungua droo ya kitanda, akakuta plasta za duara zimepangwa vizuri kwenye boksi, akashukuru kimoyomoyo kwamba ameoa mwanamke mwenye akiba. Akabandika moja pale penye kikunjo, juu ya ule mshipa mnene. Alirudi sebuleni amejishika mkono.

"Kaa, kaka, kaa," dada yake akasema. "Kula, urudishe ulichopoteza. Wifi tutampelekea mchuzi. Mchuzi nao una nguvu."

Kuanzia hapo nyumba ile ikawa na wagonjwa wawili, na aliyelala hospitali ndiye aliyesumbua kidogo. Fundi hakunyanyua nondo. Alikaa karakanani kwenye kiti, mkono umelazwa juu ya mto, akawaelekeza vijana kwa kidevu. Alikunywa soda mbili kwa siku kwa amri ya daktari ambaye hakumtaja. Hata mimi alinipitia.

"Bibi, kizunguzungu hiki sijawahi kukiona."

"Pole, mwanangu. Walichukua nyingi?"

"We acha tu. Nesi mwenyewe alishangaa."

Hapo hakusema uongo.

Kila asubuhi alivaa kwa nia ya kurudi chumba cha damu, na kila asubuhi njiani alikutana na mtu ambaye hajasimuliwa. Mtu akishasimuliwa, utakwendaje kutoa kitu ambacho umeshakitoa? Siku zikapita hivyo. Pale penye plasta pakaanza kuwasha, kisha kuchoma. Akamwambia dada yake kwamba sindano za siku hizi zina sumu ya chuma, na dada yake akamwongezea maini.

*

Jioni ya kuamkia upasuaji, saa ya kuona wagonjwa, wodi ilikuwa imejaa. Mama Pasi alikuwa amelala, mguu umepandishwa juu ya mito, nywele amesukwa upya na mgonjwa mwenzake kwa ajili ya kesho. Fundi alisimama miguuni pa kitanda, mikono ya shati juu, akimsimulia mume wa mgonjwa wa dirishani.

"Wakaniambia, mzee, tutosheke na mfuko mmoja? Nikawaambia, mkiona inafaa jazeni na wa pili. Mke ni mke."

Sista mkuu wa wodi akaja, mwanamke mnene asiyekuwa na haraka.

"Mama, pole. Damu yako mpaka sasa haijatolewa. Kesho nafasi yako tunampa mama wa dirishani."

Mama Pasi alimgeukia mumewe, akangoja, kama mtu anayengoja taa iliyokatika irudi.

"Haijatolewa?" Fundi akasema. "Nimetoa mimi mwenyewe. Wodi nzima inajua."

"Wodi inajua, baba. Chumba cha damu hawajui."

"Basi mmeipoteza. Au mmeiuza. Tunasikia habari zenu. Damu nzuri kama ile isingekaa hata siku moja."

Watu wakaanza kuguna. Na Mama Pasi, ambaye hakupaza sauti siku mshipa wake ulipopasuka, ambaye hakumpigia kelele bosi aliyekwisha kumpa mtu mwingine meza yake ya pasi, akajiinua kwa viwiko.

"Sista, mume wangu si mwongo," akasema. "Mna makosa yenu, yatafuteni. Mimi sirudi mwisho wa foleni kwa makosa yenu. Nina watoto. Naogopa kulala, sista. Kila nikilala naushika mguu nione kama umelowa."

Sista mkuu akamtazama yeye, halafu akamtazama fundi.

"Sawa. Tusigombane. Yule wa chumba cha damu bado hajaondoka, namwita. Baba, kama kuna makosa, utoe tena sasa hivi, tulimalize, mama apasuliwe kesho."

"Haiwezekani," fundi akasema, upesi mno. "Mtu akishatoa anangoja miezi. Ni sheria yenu wenyewe. Mnataka kuniua?"

"Basi tuonyeshe ulipochomwa."

"Si hapa? Kuna plasta. Huioni plasta?"

"Ibandue."

Akaibandua. Haikutaka kutoka, na ilipotoka ilitoka na ngozi. Chini yake palikuwa na duara jeupe, limelainika kama kidole kilichokaa kwenye maji ya kufulia, katikati ya ule mshipa wake wa fahari. Mume wa mgonjwa wa dirishani akachungulia.

"Mlimchoma na nini, bomba la maji?"

"Mnaona?" fundi akasema. "Mnaona mlivyonifanya?"

"Lete mkono hapa," Mama Pasi akasema.

Fundi akausogeza. Mkewe hakuutazama mkono. Aliichukua ile plasta vidoleni mwa mumewe, akaigeuza, akaipapasa ukingo wake kwa kidole gumba, kama anavyopapasa kola kujua imetiwa wanga au haijatiwa.

"Hii ni plasta yangu ya sugu," akasema.

"Ya nini?"

"Ya sugu. Za nyayo. Inakula ngozi. Zinakaa kwenye droo ya kitanda, boksi la kijani."

"Una sugu wewe?" fundi akauliza, na nakuapia aliuliza kwa mshangao wa kweli.

Mkewe akaendelea kuipapasa ile plasta.

"Labda na hawa wanatumia hizohizo," fundi akaendelea. "Plasta zinafanana, mke wangu. Duara ni duara. Muulize huyo anayekuja, atakwambia alinitoa damu yeye mwenyewe, kwa mkono wake."

Aliyekuja alikuwa nesi wa barakoa, mkoba begani, ameshajiandaa kwenda nyumbani. Sista mkuu alimwuliza kama anamkumbuka baba huyu. Nesi alimtazama fundi usoni na kutikisa kichwa; anaona nyuso nyingi kwa siku. Fundi akashusha pumzi. Kisha macho ya nesi yakashuka, yakafika kwenye mikono, yakatulia hapo.

"Aa," akasema. "Hii naikumbuka. Mishipa hii nimewasimulia mpaka watu wa nyumbani. Baba, ile mashine ulifanikiwa kuizima?"

Mume wa mgonjwa wa dirishani akasogea karibu.

"Na mpira wetu je?" nesi akauliza. "Tunao michache."

Mkono wa fundi ukaenda mfukoni wenyewe, bila ruhusa yake, ukatoka na mpira. Nesi akaupokea, akauvuta kidogo kuona kama bado una nguvu. Hakuutia kwenye mkoba. Aliuweka mkoba chini.

Mama Pasi alikuwa bado ameishika plasta ile. Aliibandika taratibu kwenye chuma cha kitanda, akaikandamiza isianguke, kisha akajilaza.

"Baba watoto," akasema, "kunja mkono wa shati." Akageuza kichwa kwenye mto, akamtazama vizuri. "Aa. Kumbe umeshaukunja."